Jina la Doa

Watu wa pwani husema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hayazoleki, ni kweli, lakini aliyepata kuendesha gari la abiria anajua kuwa katika vyote vimwagikavyo, maji ndiyo yenye kusamehe upesi. Hukauka yakenda zao. Kahawa haiendi, urojo hauendi, wala mate ya tambuu hayaendi. Hivyo hukaa kitini vikamngoja mwenye gari, na kila afunguapo mlango humkumbusha nani alipanda na alishika nini mkononi.

Kiswahili hakikuuacha uchafu bila ya majina. Uchafu wa ngozi ni nongo, wa meno ni ukoga, wa jicho ni tongo. Ulio juu ya sufuria ni masizi, ulio juu ya chuma ni kutu. Hata alama ibakiayo baada ya uchafu wenyewe kuondoka imepewa majina yake, doa na waa, na washairi hawakukawia kuyatoa majina hayo nguoni wakayapeleka kwenye heshima ya mtu. Lugha yenye kugawa namna hii inafundisha jambo: kwamba uchafu si kitu kimoja, na anayetaka kuuondoa sharti aujue kwanza kuwa ni upi.

Somo hilo alikuwa nalo dereva mmoja wa teksi wa Makunduchi, kusini ya Unguja, ingawa hakulipata kitabuni. Tangu mwaka 2008 aliendesha gari moja lile lile, la Kijapani, lililofika kisiwani likiwa tayari limetumika kwao, na kibandiko chenye maandishi ya huko kingali ndani ya mlango, hakuna abiria aliyepata kukisoma. Viti vyake vilikuwa vya kitambaa cha kijivu kilichopauka. Aliyechagua rangi ile hakuwa na habari ya urojo.

Kipupwe cha mwaka 2024 dereva huyu aliamua kuliuza. Macho yake hayakupatana tena na taa za magari ya usiku, na teksi isiyotembea usiku hulisha nusu ya nyumba tu. Mnunuzi aliahidi kuja Jumapili. Ijumaa, baada ya sala, gari liliegeshwa pembeni mwa mwembe, milango yote minne ikafunguliwa ili upepo wa kusi upite, na dereva akaanza kazi pamoja na binti yake wa miaka kumi na mmoja.

Kanuni yake ilikuwa moja. "Usilifute doa usilolijua jina," alimwambia mtoto. "Liulize kwanza."

"Kwani linajibu, baba?"

"Linajibu. Kwa rangi yake, kwa harufu yake, na kwa mahali lilipo."

Kwanza waliyatoa mazulia wakayakung'uta, wakafagia mchanga kwa ufagio wa njukuti, maana mchanga ukikutana na maji kabla ya ufagio huwa tope, na kazi ya saa moja ikageuka ya siku nzima. Ukingoni mwa kiti cha nyuma palikuwa na mistari myeupe, kama ile iachwayo na maji ya bamvua ufukweni. Hiyo mtoto aliitambua mwenyewe: chumvi, iliyoletwa na watu waliotoka kuoga pwani. Chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewani, hivyo kiti kilichokaliwa na nguo za baharini hakikauki barabara, na bati lililo chini yake huanza kuliwa na kutu. Brashi haiiwezi, wala sabuni haina shauri nayo. Dawa yake ni maji matamu ya kuiyeyusha, na kitambaa kikavu cha kuinyonya kabla haijarudi pale pale.

Kiti cha mbele kilikuwa na duara la hudhurungi, lililokoza ukingoni kuliko kati. Ilikuwa kahawa. Kinywaji kikimwagika hukaukia ukingoni kwanza; maji ya kati hukimbilia huko yakichukua rangi, na mwisho hubaki duara lenye mpaka. Kwa sababu hiyo mkono wa mwenye kufuta hutoka nje ukaingia ndani. Anayeanzia kati huisukuma kahawa ikapata nchi mpya. Dereva alitia siki kidogo katika maji, akachukua kitambaa cheupe kisichochuja, akawa anagandamiza na kuinua, anagandamiza na kuinua, bila ya kusugua. Kila kitambaa kilipoinuka kilikuwa na rangi zaidi, na kiti kilikuwa na rangi pungufu.

Mlango wa nyuma ulikuwa na michirizi myekundu, kumbukumbu ya mzee mmoja aliyetema tambuu akidhani kioo kimeteremshwa. Tambuu, popoo na chokaa, vitatu ambavyo kila kimoja peke yake si chekundu, vikitafunwa pamoja huzaa wekundu usiosahau. Chokaa iliyoganda ililegea kwa ndimu. Wekundu uliobaki uliondoka kwa pamba na spiriti, kidogo kidogo, baada ya kujaribiwa kwanza chini ya kiti mahali pasipoonekana, kwani spiriti ikikosa adabu huondoka na doa pamoja na rangi ya mlango.

Katika kiti cha nyuma, upande wa kulia, palikuwa na doa jipya la manjano. Mtoto hakuuliza. Alikuwa ameshazoea kazi, akaliwekea kitambaa chenye povu la sabuni. Mara doa likawa jekundu.

"Baba! Imekuwa damu!"

Dereva aliyekuwa ameinama kiti cha mbele aliinuka ghafla hata akagonga kichwa kwenye dari. Alikuja upande ule, akatazama, na ulipita muda kabla hajasema.

"Si damu," alisema. "Ni urojo."

Alikamua ndimu juu ya doa, na wekundu ukarudi kuwa manjano mbele ya macho ya mtoto. Ndivyo ilivyo tabia ya manjano: ikikutana na sabuni au magadi hugeuka nyekundu, na ikikutana na ukali wa ndimu hurudia rangi yake. Wengi hufikwa na hofu wakaongeza sabuni na kusugua, wakidhani wameamsha kitu kibaya zaidi. Rangi ya manjano haiyeyuki vyema katika maji. Huyeyuka katika spiriti, na adui yake mkubwa ni jua. Walilipunguza kwa spiriti walivyoweza, kisha wakaligeuza gari jua la alasiri lipige kiti kile. Kilichobaki waliliachia jua, leo na kesho yake.

Juu ya dashibodi palikuwa na alama ya ukubwa wa sarafu, isiyong'ara kama sehemu nyingine. Mtoto aliikuna kwa kucha.

"Haitoki."

"Hilo si doa, ni kidonda," alisema baba yake.

Abiria mmoja mwenye kuumwa na jino aliweka pale kichupa cha mafuta ya karafuu kilichokuwa kikivuja. Mafuta hayo, ambayo jino huyashukuru, hulainisha na kuzila baadhi ya plastiki. Mahali kama hapo hakuna kilichoongezeka hata kikaondolewa. Kilichopo ni upungufu. Mwenye kusugua huongeza upungufu. Dereva alipangusa vumbi tu, akapita.

Kijana jirani, aliyekuwa akitazama kwa mbali, alikuja na chupa ya jiki. "Ami, mbona mnajitesa? Hii inamaliza yote." Dereva alimshukuru na kumrudishia. Jiki haichagui, huondoa rangi ya doa na rangi ya kiti kwa pamoja, na ikigusa mkanda wa usalama hudhoofisha nyuzi ambazo siku moja zitatakiwa kumzuia mtu asirushwe. Tena mikono ya baba na binti tangu mchana ilikuwa katika ndimu na siki, na jiki ikichanganywa na vitu vikali kama hivyo hutoa hewa yenye sumu, yenye kubana pumzi. Ndani ya gari, penye nafasi ndogo kama ile, ni hatari kubwa.

Dari nayo waliipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, kwa kuwa kitambaa chake kimeshikwa kwa gundi, na gundi ikilowa huachia, dari ikaning'inia juu ya vichwa vya watu. Jua lilikuwa limekwisha inama. Kilichobaki ni mkeka.

Mkeka huo wa ukindu ulikuwa juu ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, umeshonwa na bibi yake mtoto kwa kipimo cha kiti hasa. Abiria walidhani umewekwa kwa ajili ya joto, na wengine waliusifu. Mtoto mwenyewe aliukalia tangu alipoanza chuo, na hakupata kuuona ukiondolewa ila kwa kupanguswa juu juu. Sasa aliushika pembe, akauinua.

Chini yake palikuwa na doa kubwa kama sinia, rangi ya kutu iliyofifia, lililofika hadi kwenye mshono wa kiti na kuuvuka. Mtoto hakuligusa. Alifanya kama alivyofundishwa. Alitazama rangi. Aliinama akanusa, asisikie ila harufu ya ukindu. Kisha akageuka.

"Baba, hili linaitwaje?"

Majibu yalikuwa mengi. Kahawa ilikuwa jibu, mafuta ya injini yalikuwa jibu, na mtoto wa umri ule angekubali lolote kati ya hayo. Lakini kanuni ilikuwa ya mzee mwenyewe, na mtoto alikuwa ameitii tangu mchana.

"Ni damu," alisema.

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

Mtoto alikuwa akijua kwamba mama yake alifariki baada ya kumzaa. Hilo hakufichwa. Asilolijua ni kwamba safari ya mwisho ya mama yake ilikuwa katika kiti alichokikalia kila siku akienda skuli. Ilikuwa usiku wa masika ya mwaka 2013. Mtoto alizaliwa salama nyumbani, mkunga akashukuru, na watu wakaanza kupumua. Lakini damu ya mzazi haikukatika. Damu ya baada ya kuzaa haisubiri mtu ajiandae. Dereva alimlaza mkewe kiti cha nyuma, dada yake akampakata kichwa, na gari likashika njia ya mjini katika mvua, Kitogani, Jozani, Tunguu, Mwanakwerekwe. Alifika Mnazi Mmoja akiwa hai. Hakuiona alfajiri.

Baada ya maziko, gari lilirudishwa uani. Majirani waliona hali ya kiti, wakamhurumia, wakachemsha maji. Dereva mwenyewe alichukua sufuria ya kwanza akaimimina, akashika brashi na sabuni, akasugua kwa nguvu zote za mtu asiyejua aipeleke wapi mikono yake. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyejua au hakuna aliyethubutu, kwamba damu haioshwi kwa maji ya moto. Damu ni kama ute wa yai. Sahani yenye ute wa yai mbichi ikimiminiwa maji baridi hutakata. Ikimiminiwa maji yanayochemka, ute huiva ukashika. Damu iliyokuwa bado ingaliweza kutoka siku ile iliiva ndani ya nyuzi za kiti, na ile iliyosukumwa chini kwa brashi iliingia katika sponji. Tangu siku hiyo dereva alianza kuuliza habari za madoa. Aliwauliza madobi, aliwauliza wauza nguo, aliwauliza mafundi wa viti. Watu walimwona ni mtu msafi. Kumbe alikuwa akitafuta kujua kosa lake lilikuwa wapi.

Hayo yote alimweleza mtoto kwa maneno machache, akiwa amesimama, mkono juu ya mlango.

"Ilikuwa nyingi?" mtoto aliuliza.

"Nyingi."

"Na mimi nilikuwemo garini?"

"Hukuwemo. Ulikuwa kwa bibi, umefunikwa kanga."

Mtoto alinyamaza. Kisha aliinua ndoo, akamwaga maji ya sabuni yaliyobaki, akenda kisimani, akarudi na maji mapya. Alitia kidole, akamtazama baba yake.

"Haya baridi," alisema.

Walifanya kazi hiyo hadi magharibi. Kwanza maji baridi yenye chumvi, kwa kitambaa kilichokamuliwa, wakigandamiza na kuinua. Kisha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, iliyojaribiwa kwanza chini ya kiti isije ikachubua rangi. Juu ya damu mbichi dawa hiyo huchemka povu. Juu ya hii ya miaka kumi na moja ilitoa vipovu vichache tu, kama vya soda iliyokwisha nguvu. Walikausha, wakalala. Asubuhi ya Jumamosi doa lilikuwa limerudi karibu kama lilivyokuwa.

Halikurudi kwa uchawi. Kilicho ndani ya sponji hupanda na maji yanapokauka, kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa, na kufikia kitambaa cha juu. Anayeona hivyo mara ya kwanza hukata tamaa, na anayeongeza maji mengi hulisha kile anachotaka kukiua. Yatakiwa maji kidogo, na juu yake taulo kavu lililolemezwa jiwe, ili taulo ndilo liwe utambi badala ya kiti. Walifanya hivyo mara tatu siku ile. Mtoto ndiye aliyekwenda kulitafuta jiwe. Jioni doa lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi. Zaidi ya hapo halikwenda.

Kijana jirani alikuja tena na shauri, na safari hii halikuwa baya: kava mpya za viti zipo Darajani, bei yake nafuu, zikivishwa mnunuzi hataona kitu. Dereva hakumjibu upesi. Kiswahili kilipolichukua neno aibu kutoka Kiarabu, kililitia maana ya haya na fedheha inayomkuta mtu. Kule lilikotoka, maana yake ni kasoro ya kitu, na wanazuoni wa biashara hulitumia kwa bidhaa: muuzaji anayeijua aibu ya mali yake hana budi kumwonesha mnunuzi. Kwa hiyo yule mwenye kufunika aibu ya kiti hujipatia aibu nyengine, ile ya Kiswahili, na hiyo hakuna kava yake. Lakini si hilo pekee lililomzuia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amelifunika kwa mkeka, na mtoto ameshauinua. Kulifunika tena mbele ya mtoto yule kungekuwa kumfundisha kwamba kulikuwa na la kufichwa.

Jumapili mnunuzi alifika na mkewe. Baada ya salamu, kabla ya boneti kufunguliwa na kabla injini haijawashwa, dereva alifungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaonesha, akasema. Mnunuzi alisimama kimya. Ni haki yake. Wapo wasiopenda kukalia kiti chenye habari kama ile, na hawalaumiwi. Mwisho akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu," na akaenda kutazama magurudumu. Mkewe alibaki mlangoni na mtoto. Hakuuliza habari ya safari, wala ya hospitali, wala ya doa.

"Mama akiitwa nani?" aliuliza.

Mtoto alimtajia. Mwanamke akalirudia jina hilo kwa sauti ndogo, mara moja, kama mtu anayelipokea kitu mkononi, akamwombea mwenyewe.

Bei iliyotajwa ya shilingi milioni 6 ilishuka kwa laki 4, na dereva hakubishana. Kava alizinunua mnunuzi mwenyewe baadaye, na hilo halikuwa na ubaya: alifunika akijua anachokifunika. Mkeka haukwenda na gari. Mtoto aliukunja akauingiza ndani.

Gari lilipoondoka, pale lilipozoea kulala palibaki mraba wa mchanga mkavu, na katikati yake baka jeusi la ukubwa wa kiganja. Mtoto aliinama akalinusa.

"Oili," alisema.

"Oili," alikubali baba yake, akachukua ufagio.